Fundi wa Posta Aliyejenga Kompyuta

(Haya ni maneno yaliyosemwa na ndugu mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi letu. Wanachama waliokuwa zamu siku ile waliomba wapate kuyasoma, kwa hiyo tumeyapiga chapa. – Mhariri.)



Katibu aliniambia niseme habari za elimu ya mfanyakazi, nami nikamjibu kwamba mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na yaliyobaki nimefundishwa na spana. Akasema ndiyo sababu ananitaka. Basi nitasema, lakini sitawasimulia maisha yangu. Nitawasimulia maisha ya fundi mmoja wa Posta ya Uingereza, jina lake Tommy Flowers.

Sababu ya kumchagua ni hii. Juzi tulisikia katika idara moja, ambayo sitaitaja, kwamba mitambo mipya ya kompyuta ikija haitapewa mafundi waliopo. Ati mtu wa grisi na vyuma hawezi kujifunza kompyuta, kwa hiyo watatafutwa watu wengine kutoka nje wenye vyeti. Neno hilo ni baya, lakini baya zaidi ni kwamba baadhi yetu tuliitikia. Nilimsikia ndugu mmoja akisema pale kantini, “Sisi na kompyuta wapi na wapi?” Neno lake lilinikaa rohoni. Nikaanza kusoma jioni kwenye simu yangu, nijue ni watu gani hasa walioanza kazi ya kompyuta. Nilidhani nitakuta maprofesa watupu. Maprofesa wamo, tena wakubwa. Lakini katikati yao nikamkuta mtoto wa mwashi.

Flowers alizaliwa tarehe 22 Desemba 1905, mahali paitwapo Poplar, mashariki ya London, upande wa makuli wa bandari na watu wa viwandani. Baba yake alikuwa fundi wa matofali. Kijana alipokua hakupelekwa chuo kikuu kukaa bwenini. Alikwenda kuwa mwanagenzi wa ufundi wa mitambo katika karakana kubwa ya silaha ya serikali, Royal Arsenal, pale Woolwich, ng'ambo ya mto Thames. Mchana alikuwa kazini. Jioni alikwenda darasani, katika masomo ya usiku ya Chuo Kikuu cha London, na kwa njia hiyo akapata digrii ya uhandisi wa umeme.

Ndugu zangu, jambo hili katika kitabu ni mstari mmoja tu, lakini sisi tunajua mstari huo una uzito gani. Tunajua jioni ya fundi ilivyo. Miguu imevimba, macho yanauma kwa vumbi la chuma, tumbo linadai chakula, na mwalimu yuko mbele na hesabu za umeme. Ukikosa usiku mmoja unarudi nyuma, na ukikosa mitatu unaona haya hata kurudi. Mtu aliyevumilia hayo mwaka baada ya mwaka hakupewa kitu bure. Tena nawaomba msije mkasema kesho kwamba nilisimama hapa nikadharau vyeti. Flowers alikuwa na cheti chake. Tofauti ni kwamba alikipata huku akiwa na kazi, katika mji uliokuwa na darasa lililo wazi saa ambayo mfanyakazi ametoka kazini. Hilo la saa tutalirudia.

Mwaka 1926 aliingia Posta, upande wa simu. Kule Uingereza wakati ule Posta ndiyo iliyokuwa na simu, kama ilivyokuwa hapa kwetu kabla ya mambo hayo mawili kutenganishwa mwaka 1999. Mwaka 1930 akahamia kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill, kaskazini-magharibi ya London.

Sasa lazima nieleze kidogo kazi yenyewe, na ndugu wa idara ya ishara watanisahihisha nikikosea. Zamani mtu akipiga simu, kituo kilimuunganisha kwa rilei. Rilei ni swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme. Umeme ukija, kijiti cha chuma kinavutwa na kugusa. Umeme ukikatika, kinaachia. Sisi wa reli twazijua, maana ishara nyingi za njia ya reli zimeongozwa na rilei. Ni kitu cha kuaminika, lakini ni chuma, na chuma lazima kiende na kurudi. Haraka yake ina mpaka.

Flowers aliuliza, je, kazi ya rilei haiwezi kufanywa na kitu kisicho na sehemu ya kwenda na kurudi? Kitu hicho kilikuwapo, nacho ni valvu. Wazee mnaikumbuka: zile taa za kioo ndani ya redio za zamani, redio ambayo ukiiwasha unangoja kwanza ipate joto ndipo iseme. Ndani ya valvu hakuna chuma kinachogonga, ni umeme tu unaoruhusiwa au kuzuiwa. Kwa hiyo yaweza kufungua na kufunga mara maelfu mengi kwa sekunde moja.

Wahandisi wengi walimpinga. Walisema valvu ni kitu cha kuungua ovyo. Redio yenye valvu tano hupelekwa kwa fundi kila mara, sasa mashine yenye valvu elfu itafanya kazi hata saa moja? Hoja yao haikuwa ya kijinga, ndivyo walivyoona kwa macho yao. Lakini Flowers aliona jambo ambalo wao hawakuliona, maana alikuwa amekaa na vitu hivyo kazini. Aliona kwamba valvu huharibika hasa kwa kuwashwa na kuzimwa. Kioo na waya hupata joto vikatanuka, hupoa vikasinyaa, kila siku, mpaka kitu kinakatika. Ukiziwasha mara moja ukaziacha ziwake usiku na mchana, kwa umeme wa nguvu ya kiasi, zinakaa muda mrefu sana.

Ndugu wa njia ya reli, ninyi hamhitaji kufundishwa hilo. Mwajua reli inavyofanya pale Athi saa nane mchana na saa kumi usiku. Mwajua kwa nini tuliachiwa nafasi kati ya reli na reli katika njia ya zamani. Hata taa ya nyumbani, je, huungua saa ngapi? Huungua pale unapobonyeza swichi. Elimu hii iko katika mikono yetu, ila hatujaambiwa kwamba ni elimu.

Kabla ya vita kuanza mwaka 1939 Flowers alikuwa amekwisha kutengeneza mitambo ya simu yenye valvu zaidi ya elfu tatu. Tayari aliamini kwamba kituo kizima cha simu chaweza kufanya kazi kwa valvu tupu.

Halafu vita vikaja. Uingereza ilikuwa na mahali pa siri paitwapo Bletchley Park, ambapo watu wa hesabu walisoma barua za siri za Wajerumani. Mwaka 1941 Posta iliombwa msaada, na Flowers akakutana na Alan Turing, yule bingwa wa hesabu ambaye jina lake wengi wamelisikia. Kazi ile ya kwanza haikufika mbali, lakini Turing alimwona mtu. Kazi kubwa ilipokuja, jina la Flowers lilikuwa tayari limetajwa kwa Max Newman, aliyesimamia idara ile.

Kazi kubwa ilikuwa hii. Majenerali wa Hitler walitumiana habari kwa mashine ya Lorenz, iliyobadilisha maneno yakawa vurugu tupu. Ndani yake mlikuwa na magurudumu 12, kila moja na idadi yake ya meno, nayo yalizunguka na kuchanganya herufi. Hakuna Mwingereza aliyekuwa ameiona mashine hiyo. Hata hivyo kijana mmoja, William Tutte, ambaye baba yake alikuwa mtunza bustani, alikaa na karatasi na penseli akagundua jinsi magurudumu yale yalivyokaa. Angalieni, mtoto wa mtunza bustani na mtoto wa mwashi. Lakini kujua jinsi yalivyokaa hakutoshi. Kila ujumbe ulianzia mahali pengine pa magurudumu, na kutafuta mahali hapo kwa penseli kungechukua muda mrefu hata habari ikawa haina faida tena.

Nitaeleza kwa mfano wa kazini. Behewa lenye gurudumu lililolika upande mmoja likipita, unasikia mgongo: ta, ta, ta. Hugonga mara moja kwa kila mzunguko. Treni nzima ikipita kuna kelele nyingi, lakini mzee mwenye sikio atakuambia ni behewa la ngapi, maana anahesabu ule mpigo ndani ya kelele. Basi barua ile ya siri ilikuwa kelele, na magurudumu ya Lorenz yalikuwa na mpigo wake ndani yake. Ilitakiwa mashine ya kuhesabu haraka sana: jaribu hapa, hesabu, jaribu hapa, hesabu, mahali ambapo hesabu imepanda kupita kawaida, hapo ndipo gurudumu lilipoanzia.

Mashine ya kwanza ilitumia kanda mbili za karatasi zenye matundu, moja ya ujumbe na moja ya magurudumu, zikikimbia pamoja. Waliiita Heath Robinson, kwa jina la mchoraji wa vibonzo aliyependa kuchora mashine za kuchekesha. Kanda zilinyooka, zikachanika, zikaachana mwendo. Flowers alipoitwa aitengeneze alisema, kwa ufupi, kwamba kutengeneza hakutafaa, heri kuiacha na kujenga nyingine. Ukanda wa magurudumu uondolewe kabisa, na kazi yake ifanywe na valvu. Ukibaki ukanda mmoja tu, hakuna wa kwenda naye pamoja, na waweza kuukimbiza utakavyo.

Aliomba kujenga mashine yenye valvu zaidi ya elfu moja. Wakubwa wa Bletchley hawakukubali. Walisema valvu zitaungua, tena kazi itachukua muda mrefu na vita vyaweza kwisha kabla. Hawakumkataza, ila hawakuitegemea, wakaendelea na mashine zao za kanda mbili. Flowers akarudi Dollis Hill. Mkubwa wake wa Posta, Gordon Radley, akamwamini, na hapo lazima niseme kweli: si kila mkubwa ni adui wa fundi. Wakaanza. Alikuwa na wenzake, Sidney Broadhurst na William Chandler, baadaye Allen Coombs, pamoja na mafundi wa Posta ambao majina yao hayatajwi sana, watu wa kuunga waya na kuchomelea risasi. Walifanya kazi mchana na usiku. Na Flowers alitumia fedha yake mwenyewe kununulia baadhi ya vifaa. Nasema tena, maana nilipolisoma nililirudia mara mbili. Mtu wa mshahara wa Posta alitoa mfukoni kujengea serikali mashine ya vita.

Kabla mwaka 1943 haujaisha mashine ilikuwa imekamilika. Mwezi wa Desemba ilionyeshwa Dollis Hill, Januari 1944 ikasafirishwa Bletchley, na tarehe 5 Februari ikasoma ujumbe wake wa kwanza. Waliiita Colossus, yaani jitu, kwa sababu ilijaza chumba. Ilikuwa na valvu karibu 1,600. Ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde moja, na ukanda wa karatasi ulikimbia zaidi ya kilomita 40 kwa saa, mwendo wa treni ya mizigo iliyo na haraka. Na valvu hazikuungua ovyo. Ziliwashwa zikaachwa ziwake, kama alivyosema.

Wale ambao hawakuitegemea sasa walitaka nyingine upesi. Colossus ya pili, yenye valvu 2,400, ilitakiwa iwe tayari tarehe 1 Juni 1944, na siku hiyo ikaanza kazi. Siku tano baadaye, tarehe 6 Juni, majeshi yalishuka pwani ya Ufaransa. Vita vilipokwisha katika Ulaya zilikuwa zimejengwa kumi. Waliozisimamia zamu kwa zamu, katika joto la valvu maelfu, walikuwa wasichana wa jeshi la wanamaji. Akina dada mlioko hapa, mkiambiwa kompyuta ni kazi ya wanaume, jibuni kwamba walioendesha zile za kwanza walikuwa wanawake.

Mngetazamia kwamba mtu huyu angebebwa begani. Sikilizeni yaliyompata.

Vita vilipokwisha, Colossus nane kati ya kumi zilivunjwa, na mbili zikafichwa na idara ya siri. Flowers akaamriwa kuharibu michoro. Aliichukua, akaitia katika moto wa boila pale Dollis Hill. Mimi nimekaa na boila, nami najua mlango ule unavyofunguka na moto unavyovuta karatasi. Kazi ya maisha yake ilikwisha kwa dakika chache, na akaambiwa asimwambie mtu yeyote.

Serikali ilimpa pauni 1,000. Fedha hiyo haikutosha hata kurudisha aliyotoa mfukoni, na tena akaigawa na wenzake waliofanya kazi naye. Hapo nilisimamisha kusoma nikaenda kunywa maji.

Kisha akataka kujenga mashine nyingine ya namna ile kwa kazi za amani, akaomba mkopo Benki ya Uingereza. Benki ikakataa, kwa sababu hawakuamini kwamba mashine kama hiyo yaweza kufanya kazi. Naye alikuwa amekwisha kuzijenga kumi! Lakini hakuweza kufumbua mdomo, maana kiapo cha siri kilimfunga. Mwaka 1946 Wamarekani wakatangaza mashine yao, ENIAC, yenye valvu zaidi ya 17,000, na kwa miaka mingi vitabu vikasema hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza ya umeme. Mashine zile mbili si sawa, na Colossus ilikuwa ya kazi moja tu. Lakini ilitangulia, na mwenye nayo alikaa kimya. Nyumbani kwake walijua tu kwamba alifanya kazi ya siri wakati wa vita.

Siri wakati wa vita naielewa. Adui akijua, watu wanakufa. Lakini picha za Colossus zilitolewa na serikali mwaka 1975 tu, miaka thelathini baada ya vita. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo mtu huyu alikuwa Posta, akijadiliana na wahandisi wenzake juu ya simu za valvu, nao hawakuwa na sababu ya kumwamini kuliko mtu mwingine. Kazi iliyokuwa shahidi wake mkubwa haikuruhusiwa kutoa ushahidi.

Hata hivyo hakukaa bure. Yeye na wenzake wa Dollis Hill walitengeneza ERNIE, mashine iliyoanza mwaka 1957 kuchagua namba za bahati nasibu ya akiba ya serikali ya Uingereza. Kituo cha majaribio cha simu za umeme mtupu kilifunguliwa Highgate Wood mwaka 1962, lakini hakikufaulu. Nalitaja hilo ili msidhani nawasimulia habari za malaika. Mwaka 1964 akaacha Posta, akaenda kampuni ya Standard Telephones and Cables, na huko akamalizia miaka yake ya kazi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu. Mwaka 1993, akiwa mzee wa miaka 87, Tommy Flowers alijiandikisha Hendon College, kozi ya mwanzo ya kompyuta ndogo za mezani. Akaketi darasani. Akafundishwa. Akamaliza, akapewa cheti.

Naona mnacheka, nami nilicheka. Cheti cha mwanzo cha kompyuta, kwa mtu aliyejenga Colossus! Lakini nilipoacha kucheka niliona mambo mawili. La kwanza ni kwamba mzee yule hakuona haya. Hakusema, “Mimi nilijenga jitu, nani atanifundisha?” Mashine zilikuwa zimebadilika, valvu zimekwisha, naye akaenda kujifunza upya. Kwa hiyo ndugu yetu wa kantini mwenye miaka 41, anayesema amezeeka kwa kompyuta, ana miaka 46 ya kungoja kabla hajafika umri wa mwanafunzi huyu.

La pili ni chungu. Kama Flowers angekuja katika ofisi moja ninayoijua, kabla ya mwaka 1993, akaulizwa, “Cheti chako cha kompyuta kiko wapi?” angejibu hana. Angerudishwa mlangoni. Na baada ya mwaka 1993 angepokelewa kwa sababu ya kile cha mwanzo.

Alikufa tarehe 28 Oktoba 1998. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwapo Bletchley, Colossus iliyojengwa upya na watu waliookota picha na michoro michache iliyosalia ilipowashwa. Mashine hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho, na watu huilipia kuitazama.

Bwana Mwenyekiti, najua saa. Niseme yetu.

Kati yetu wako watu ambao kazi yao haina ushahidi, na si kwa sababu ya kiapo cha siri. Ni kwa sababu hakuna aliyeiandika. Namjua fundi mmoja aliyetengeneza mitambo ya breki za hewa miaka kumi na tisa. Wahandisi wapya waliletwa kwake awafundishe, wakafundishwa, wakapanda cheo. Alipoondoka alipewa karatasi yenye mistari minne, inayosema alikuwa “mfanyakazi wa karakana”. Akienda kuomba kazi mahali pengine, karatasi hiyo inasema nini juu ya breki? Haisemi kitu. Ni kama imetiwa motoni.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inasema mtu akimaliza kazi apewe hati ya utumishi, na hati hiyo itaje kazi yake ilikuwa ya namna gani. Sheria ipo. Lakini neno “mfanyakazi wa karakana” laweza kuficha fundi wa miaka kumi na tisa. Naomba tawi hili liwaagize wajumbe wetu wa majadiliano wadai kazi iandikwe kwa ukamilifu: mitambo gani, miaka mingapi, na alifundisha akina nani. Nasi tusingoje siku ya kuondoka. Kila mmoja awe na daftari lake, aandike kazi aliyofanya, na msimamizi atie sahihi kila mwezi. Mimi nimeanza langu. Msimamizi wangu alicheka mara ya kwanza, mara ya pili akatia sahihi.

Tena kuna mitihani ya ufundi ya serikali, daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo mtu aweza kuifanya kwa ujuzi wa mikono yake hata kama hakupita chuoni. Wengi wetu hatuifanyi kwa sababu ya ada, na kwa sababu ya hofu. Ada tuidai kwa mwajiri. Waajiri hulipa tozo ya mafunzo ya kazi, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na mwajiri anayewapeleka watu wake mafunzoni aweza kudai arudishiwe gharama kwa kufuata utaratibu. Kwa hiyo tukiambiwa hakuna fedha, tuulize kwa adabu kama dai hilo lilipelekwa. Hofu, hiyo hatuwezi kumdai mtu.

Na lile la saa nililosema tutalirudia. Flowers alipata darasa la usiku. Sisi zamu zetu hubadilishwa kila wiki, na mtu aliyeanza kozi ya jioni wiki hii, wiki ijayo yuko zamu ya usiku, na ada yake imepotea. Yamempata ndugu mmoja hapa, naye ameniruhusu kusema lakini si kumtaja. Tunaomba mtu aliyejiandikisha masomo asibadilishiwe zamu mpaka amalize muhula. Ombi hili halimgharimu mwajiri hata senti. Lina gharama kwetu, maana mwenzake mmoja atalazimika kushika zamu ya usiku kwa ajili yake. Nataka kujua leo, kabla hatujaondoka, ni wangapi wako tayari kumshikia mwenzao. Tusipokubaliana wenyewe juu ya hilo, hatuna haja ya kwenda kwa wakubwa.

Mwisho, dada yetu wa ofisi ya tikiti, ambaye kila siku kazi yake ni kompyuta, amekubali kutufundisha bila malipo. Chama kina kompyuta mbili katika chumba cha Katibu, moja ni nzima, na nyingine kijana wa umeme ameahidi kuitengeneza kabla ya Ijumaa. Darasa litaanza Jumanne saa kumi na mbili jioni. Nafasi ni kumi, majina manne yamekwisha kuandikwa, la kwanza likiwa langu. Daftari liko pale mezani kwa Karani, na kalamu ninayo mimi.

Mwenye swali na aulize.